Faili Zisizofunguka

Nilizifuta saa nne asubuhi, siku ya kazi, wateja watatu wakisubiri kwenye benchi. Naeleza saa kwa sababu watu wakisikia habari hii hudhani nilikuwa nimelewa, au kompyuta iliingiwa na virusi. Sikuwa nimelewa. Kompyuta nayo ilikuwa nzima, ila ilikuwa imejaa.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wazazi wa Mkumbi na Matiri walikuwa wanaleta watoto mjini Mbinga kupigwa picha za pasipoti za kujiandikishia kidato cha kwanza, na studio yangu ndogo ilikuwa na foleni tangu asubuhi. Kila nikitaka kuhifadhi picha, kompyuta inaniandikia kwamba nafasi imekwisha. Nikafungua mafolda kutafuta cha kupunguza. Nikaona kila picha iko mara mbili. Moja inaonekana uso, nyingine ni karatasi nyeupe tu yenye jina na namba. Nikiibofya ile nyeupe, programu inasema haiwezi kuifungua. Na ndizo zilizokuwa nzito kuliko zote.

Nikazichagua zote kwa pamoja, nikafuta. Kisha nikamwaga na kapu la taka la kompyuta, maana nilikuwa mtu wa usafi. Nikamwita mteja aliyefuata akae mbele ya kitambaa cha bluu.

Miongoni mwa zile nyeupe zilikuwamo kumi na moja za mke wangu, nilizompigia Chiwanda.

Nilianza kupiga picha enzi za mkanda. Nilimaliza kidato cha nne, sikupata nafasi ya kuendelea, na mjomba akanipa kamera yake kuukuu badala ya jembe. Nyumbani Matiri walicheka. Kijana mzima, shamba la kahawa lipo, anazunguka na kamera shingoni akipiga watu kipaimara na ndoa. Lakini kazi ilinilisha, ikanijengea nyumba Mbinga mjini, ikanipa na mke, kwa sababu alikuja studio kupigwa picha.

Alikuwa amepanda kutoka ziwani na usipa wakavu, dagaa wa kule kwao, wa kuuza sokoni, akataka picha ya kumpelekea mama yake. Alikuwa mweusi sana, weusi wa watu wa kule ufukweni wanaoshinda juani na majini, ngozi inayong'aa kama imepakwa mafuta hata kama haijapakwa. Nilimpenda siku hiyohiyo. Hilo ni kweli na sitalipunguza. Lakini ni kweli pia kwamba nilipompeleka kwetu, shangazi zangu walitazamana. Mmoja akamwambia usoni, kwa kicheko, "Mwanangu, wewe ukiingia jikoni tutakutafuta kwa taa." Yeye akajibu, "Mtaniona kwa meno, shangazi, maana nitakuwa nawacheka." Wote wakacheka, wakampenda kwa jibu lile. Mimi nilicheka nao. Ila kuna kitu kiliniingia siku ile na hakikutoka.

Tangu hapo, kila nilipompiga picha, nilimweka karibu na shuka jeupe. Niliongeza mwanga wa taa, niliacha lenzi wazi kuliko kawaida, na kwenye chumba cha giza nilijua namna ya kusafisha picha yake ikatoka maji ya kunde. Nilifanya hivyo kwa wateja wengi, wenyewe waliniomba, wengine walinisifu kwa hilo. Yeye hakuwahi kuniomba. Alikuwa akiishika picha, anaitazama, ananiuliza, "Hapa umenipiga mimi au umempiga dada yako?" Dada yangu alikuwa mweupe. Mimi namwambia picha imetoka vizuri, aitundike. Alitundika.

Mkanda ulipokufa nikanunua kamera ya kidijitali, iliyotumika, kwa mpiga picha aliyekuwa anahama. Alinionyesha mambo machache kwa haraka. Moja lilikuwa sehemu ya kuchagua rangi. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza iliitwa sRGB, ya pili ilikuwa pana zaidi, yenye rangi nyingi kuliko ile ya kwanza. Akaniambia hii pana ndiyo ya wataalamu. Nikaiweka hiyo. Nilifikiri kama mkulima anavyofikiri gunia, kwamba kubwa ni bora.

Picha nilikuwa napeleka Songea kusafishwa. Zikawa zinarudi zimefifia. Nyuso zimepauka kama watu waliotoka kupura mahindi, vitenge vyekundu vimekuwa rangi ya matofali. Nikailaumu kamera. Nikaanza kuzifungua picha moja moja kwenye kompyuta na kuzipandisha mwanga na wekundu, kisha nahifadhi palepale, kwa jina lilelile, juu ya ile ya mwanzo. Sikujua kwamba kila unapoihifadhi picha ya JPEG inatupa kitu kidogo ili iwe nyepesi, na kilichotupwa hakirudi. Au niseme ukweli wote: niliambiwa, sikutaka kujua.

Aliyeniambia ni binti yangu. Alikuwa amepata kazi Songea, kwenye duka hilohilo la kusafishia picha, na alikuwa akiziona picha zangu zikipita mikononi mwake. Alikuja Pasaka, akakaa kwenye kiti changu cha studio, akaifungua kamera yangu kama anafungua sufuria nyumbani kwake.

"Shikamoo Baba. Nani alikuwekea rangi hii?"

"Marahaba. Nimeiweka mwenyewe. Ni ya wataalamu."

"Ni ya wataalamu wenye mashine inayoielewa. Ya kwetu haiielewi. Baba, wewe unapima kwa debe, mashine inasoma kwa sado. Namba ni ileile, ila mahindi yamepungua. Ndiyo maana watu wako wanatoka kama wagonjwa."

"Nilikuwa nasafisha picha kabla mama yako hajabeba mimba yako."

"Na ndiyo maana naongea polepole," akasema. Mama yake, aliyekuwa mlangoni akichambua maharage, alicheka mpaka ungo ukamtikisika.

Alinibadilishia rangi, akaweka sRGB. Kisha akaingia sehemu nyingine nisiyoijua, akaifanya kamera ihifadhi kila picha mara mbili, ya JPEG na nyingine iitwayo RAW. Alinieleza kwa utulivu. Hii ya pili ni picha ghafi, alisema, kabla kamera haijaamua chochote juu ya mwanga wala rangi, kama mahindi ambayo hayajakobolewa. Ukikosea ile nyingine, unarudi kwa hii unaanza upya. Kompyuta yako haitaifungua, nitakuletea programu nikija tena. Usizifute.

Nilisema sawa. Alipopanda gari kurudi Songea, nikairudisha ile rangi pana, kwa kiburi tu, kwa sababu sehemu ile niliijua. Ya faili mbili sikujua pa kuigusa, ikabaki alivyoiacha. Kwa hiyo kitu pekee chema kilichokuwa ndani ya kamera yangu kilibaki kwa sababu nilishindwa kukiondoa.

Miezi michache baadaye tukashuka Chiwanda. Mdogo wa mke wangu, shemeji yangu wa kike, alikuwa anaoza mtoto. Asubuhi baada ya harusi nilimkuta mke wangu ufukweni na dada zake wakigeuza usipa kwenye vichanja. Jua lilikuwa limeshapanda, ziwa limetulia, na alikuwa amefunga khanga kifuani, magamba ya samaki yamemganda mikononi mpaka kwenye viwiko. Anaongea Kinyasa kwa kasi ambayo sikuwahi kumsikia nayo Mbinga. Nikaenda kuchukua kamera. Nikamwambia asogee kivulini, kwenye ukuta mweupe wa kanisa, jua ni kali.

"Sisogei," akasema. "Leo nipige nilivyo. Niko kwetu."

Shemeji akadakia, "Mwache mwenzio, shemeji. Kwani huko juu mnamwanika ndani?"

Nikampiga pale pale. Kumi na moja. Kwenye ya saba au ya nane amegeuka ghafla kumjibu mdogo wake, mdomo wazi, na weusi wake unang'aa pembeni ya shavu mahali jua limegusa. Niliiona kwenye kioo kidogo cha kamera nikajua sijawahi kupiga picha bora kuliko ile. Nilijua, na ndilo linaloniuma. Si kwamba sikuona.

Tuliporudi Mbinga nikazihamishia kwenye kompyuta. Zilionekana zimefifia, kwa sababu ya ile rangi niliyoirudisha. Nikaifungua JPEG ya ile bora nikaipandisha mwanga kidogo, nikahifadhi juu yake. Kesho yake nikaona haitoshi, nikaifungua tena. Nikaongeza wekundu. Nikahifadhi. Nikalainisha ngozi. Zile kumi nyingine nazo nilizipitisha hukohuko. Sijui niliirudia mara ngapi, kila nikipata nafasi kati ya mteja na mteja. Mke wangu alipita nyuma yangu na chupa ya chai, akasimama akitazama.

"Hata pale umenihamisha," akasema. Akaweka chai, akaondoka.

Januari ndipo nikafuta zile nyeupe.

Aliugua mwaka uliofuata, tumbo, na hakukaa sana. Sitaandika juu ya hospitali. Tulimzika Matiri, kwenye kiwanja cha familia juu ya ngolo za baba yangu, yale mashimo ya kulimia mlimani. Kwetu jeneza haliendi makaburini peke yake. Mbele anatangulia mwenye msalaba, na pembeni yake mtu wa karibu anabeba picha ya marehemu kwenye fremu, ili njiani kila anayevua kofia ajue anamvulia nani. Picha aliibeba binti yetu. Ilikuwa ile ya Chiwanda, niliyoitengeneza mimi. Nyingine sikuwa nayo. Za zamani zilikuwa zilezile za shuka jeupe, nyingi zimeliwa na mchwa, na ile ya kitambulisho ni ndogo kama ukucha, imekuwa kijivu.

Watu wa ziwani walikuja kwa Fuso, na watani walikuwamo. Asiyejua utani wa msibani anaweza kudhani ni matusi. Ni kazi yao kutuchokoza, ili kilio kisituue. Tulipotoka tu uani, shemeji yangu, ambaye kwa siku ile alikuwa amejiunga na watani, akasimama katikati ya njia na mpini wa jembe ameuweka begani kama bunduki.

"Simameni. Mnamzika nani?"

Mzee mmoja wa jumuiya akajibu, "Tunamzika dada yako, mama. Tupishe."

"Dada yangu namjua. Sisi tuliwapa mweusi, mweusi wa kweli, wa kuazima na kurudisha. Huyu Mzungu kwenye fremu mmemwokota wapi? Hatupishi. Mrudisheni wetu kwanza, ndiyo mwende na Mzungu wenu."

Watu wakacheka, hata padri akainamisha uso. Watani wengine wakaunga mkono, wakaigusa fremu, wakaulizana kama anajua Kinyasa, kama anakula usipa au anakula mkate tu. Ilibidi nitoe jogoo ndipo njia ikafunguliwa. Mimi pia nilicheka, kama inavyotakiwa. Nilipomtazama binti yangu hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anaitazama ile picha mikononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Baada ya matanga alinifuata studio.

"Baba, ile siku ya Chiwanda kamera ilikuwa inahifadhi mbili mbili. Nipe zile za RAW. Nimtoe Mama alivyokuwa."

Nikamwambia memori kadi iliharibika.

Sikufikiri. Ilitoka tu, nyepesi, kama mtu anayetaja bei. Akasema pole Baba, akanishika mkono. Kwa miaka mitano akaamini hivyo. Kila akija aliniuliza kama bado ninayo ile kadi, kuna fundi amesikia anafufua kadi zilizokufa. Kila mara namwambia nitaitafuta. Kadi ilikuwa ndani ya kamera, nzima, nimeshaipigia harusi juu ya harusi.

Mwaka huu tukajenga kaburi. Fundi alilipandisha kwa tofali na saruji, kichwani akaacha nafasi ya mraba kwa ajili ya kigae chenye picha, kama wanavyofanya wengi siku hizi. Kigae kinachapwa mahali anapofanya kazi binti yangu. Alisema hatapeleka ile ya Mzungu. Alikuja Mbinga na kompyuta yake mwenyewe, akachukua faili yangu ya JPEG, akajaribu kuirudisha nyuma.

Nilikaa pembeni yake mchana kutwa. Alishusha mwanga, uso ukawa wa majivu. Akaongeza rangi, ukawa wa kutu. Alikuza shavu mpaka likajaa kioo chote, akanionyesha: vipande vya mraba kama vigae vilivyopangwa na fundi mlevi, na katikati yake mahali peupe kabisa.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Si kwamba rangi imejificha. Haipo. Ukipandisha mpaka ikawa nyeupe tupu, kisha ukahifadhi, umefuta. Ndiyo maana naililia ile kadi, Baba. Ungeitafuta."

Nikasema, "Kadi haikuharibika."

Akaendelea kutazama kioo.

"Nilizifuta mwenyewe. Kompyuta ilijaa, hazikufunguka, nikadhani ni takataka. Ulikuwa umenikataza."

"Siku ile uliponiambia imeharibika, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Mbamba Bay. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. Hakuuliza kwa nini nilifuta. Aliuliza, "Na kwa nini ulimng'arisha?"

Ningeweza kusema ni rangi ya kamera, debe na sado. Ni kweli kwamba ndiko kulikoanzia. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Nilikuwa namwonea aibu," nikasema. "Kwa watu wa kwetu. Tangu zamani."

"Alijua."

"Alikuambia?"

"Aniambie nini? Mimi ni mweusi kama yeye, Baba. Picha zangu zote za utoto zilizoko ukutani kwako, simo."

Alifunga kompyuta yake taratibu. Hakulia mbele yangu. Alilala kwa rafiki yake, asubuhi akarudi kunisalimia shikamoo kama kawaida, na ile shikamoo ilinichoma kuliko kama angenipita.

Siku ya kubariki kaburi shemeji alipanda kutoka Chiwanda. Binti yangu alimweleza yote, mbele yangu, bila kupunguza wala kuongeza. Shemeji akanigeukia. Siku hiyo hakuwa mtani.

"Basi pasiwekwe picha," akasema. "Liandikwe jina. Bora asionekane kuliko aonekane mwingine."

Fundi akauliza ule mraba aufanye nini. Nikamwambia nitauziba mimi. Akanipa mwiko na karai la saruji, nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu, mzee mzima na koti la kanisani, nikajaza. Saruji mbichi ina rangi nzito, karibu nyeusi, kisha jua likiipiga inaanza kupauka pembezoni kuelekea katikati. Nilikuwa naisawazisha, inapauka, naisawazisha tena. Fundi akaniambia, "Inatosha, mzee, utaiharibu." Nikauacha.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa huyu binti yangu, alizaliwa bibi yake akiwa ameshafariki. Alikuja akasimama karibu yangu akaniuliza bibi alikuwaje. Nikafumba macho nimtafute. Nilitaka kumwona pale kwenye vichanja vya usipa, amegeuka, jua shavuni. Aliyekuja ni yule wa kwenye fremu, mweupe, laini, shavu halina jua. Nikamsukuma pembeni, akarudi. Nimempiga mke wangu picha kwa zaidi ya miaka thelathini na siwezi kumwona.

Nikamwambia mtoto, "Muulize bibi yako mdogo." Nikamwonyesha shemeji, aliyekuwa anawasha moto wa chai. Mtoto akakimbia. Nikamsikia shemeji akianza kumweleza, na mimi nikasogea karibu kusikiliza.